Treni ya Ziwani: Hujengwa Mara Moja, Hutunzwa Kila Siku

Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, swali moja huzunguka katika nyumba zetu za Usenge na vijiji vya jirani: je, treni itakuja? Watoto wetu walio Nairobi na Mombasa huuliza kwa simu. Akina mama wenye wageni huuliza sokoni. Wenye mashua za kuvusha watu kwenda kisiwani huuliza pia, maana wageni wakija kwa wingi, na wao hupata riziki. Ni swali jepesi kulitamka, lakini kwa miaka mingi sasa jibu lake halijawa la hakika. Juma hili tumeona vyema tuwaeleze wasomaji wetu, wa huku ziwani na wa Pwani, kwa nini kuiendesha treni ya ziwani ni kazi ngumu kuliko kuijenga, na kwa nini jambo hilo linazihusu familia zetu.

Kwa wasioijua Usenge, tuseme kwamba ni mji mdogo wa kaunti ya Siaya, pale barabara itokayo Bondo inapoishia majini. Mbele yetu kiko kisiwa cha Mageta, ambako serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini watu waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau. Nyuma yetu kimesimama kilima cha Got Ramogi, ambacho Wajaluo hukihesabu kuwa makao yao ya mwanzo katika nchi hii. Kando liko Ziwa Sare pamoja na kinamasi kikubwa cha Yala. Mgeni mwenye macho hakosi cha kutazama, na mwenye njaa hakosi ngege wala omena.

Reli yenyewe haikufika kwetu. Treni kubwa hukomea Kisumu. Kutoka huko, tawi lililokamilika mwaka 1930 huelekea Butere. Hupita Kisiani, pale ambapo barabara ya Bondo na Usenge huchepuka, kisha Maseno, Luanda na Yala. Kwa hiyo sisi ni watu wa mwisho wa safari: hatuisikii honi yake, lakini treni ikitembea twanufaika, na ikisimama twajua mara moja. Nauli za mabasi hupanda nyakati za sikukuu, na mama mwenye watoto wanne hupiga hesabu, akaamua kubaki mjini.

Ilivyofika

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa Desemba 1901. Mahali ilipokomea pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mmoja wa wahandisi wa reli, kabla ya jina la Kisumu kushika. Waliobeba mzigo wa kazi ile walikuwa vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na Waislamu walikuwamo. Karibu 2,500 kati yao walifariki kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki. Baadhi ya familia za Kiislamu za Kisumu na Nairobi hadi leo huhesabu nasaba zao kuanzia kwa vibarua wale.

Tangu mwanzo reli ile haikukusudiwa kuishia ufukweni. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uskochi, ikaunganishwa Kisumu, na mwanzoni mwa karne iliyopita ikaanza kuvusha watu na mizigo kwenda Uganda. Zilifuata nyingine, na katika miaka ya 1960 zikaja meli za kubebea mabehewa, MV Uhuru ikiwa mojawapo. Behewa la mzigo lilisukumwa moja kwa moja kutoka relini hadi melini, likashuka ng'ambo bila mzigo kupakuliwa. Treni na meli vilikuwa kama uzi na sindano. Kimoja kikikosekana, kingine hakishoni.

Tazameni pia mlima ulivyo. Ziwa letu liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Stesheni ya Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500. Treni itokayo Nakuru hupanda hadi huko juu, kisha hushuka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Miwani na Kibos, ikipita juu ya madaraja marefu ya chuma zaidi ya 20. Ni njia nzuri mno kuitazama dirishani kunapopambazuka. Kwa fundi, ni njia isiyomruhusu kulala. Kila bonde lina daraja, kila daraja lina boliti zake, na kila mvua ina kijito chake.

Iliposimama na ilipoamka

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli moja ikagawanywa mafungu, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Meli, karakana na vipuri vilivyokuwa mali ya wote vikawa vya huyu au yule. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba ule ukakoma. Katika miaka hiyo treni ya abiria ya Kisumu ilidhoofika, kisha ikasimama kabisa. Huku ziwani gugumaji lilikuwa limekwisha kuziba ghuba mara kwa mara tangu miaka ya 1990, na meli zikakaa gatini.

Reli mpya ya kisasa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Ikaishia hapo, nasi tukabaki na reli ya wazee wetu, ile ya upana wa mita moja. Serikali ikaamua kuifufua. Bandari ya Kisumu ikakarabatiwa, MV Uhuru ikarudi majini, na njia ya Nakuru hadi Kisumu, yenye kilomita 216 hivi, ikatengenezwa kwa msaada wa vijana wa Huduma ya Taifa na wanajeshi. Desemba 2021, baada ya karibu miaka 10 ya ukimya, treni ya abiria iliingia tena Kisumu.

Nauli ilipoanza ilikuwa shilingi 600 kwa daraja la kawaida na 2,000 kwa daraja la kwanza. Iliondoka Nairobi Ijumaa jioni, ikafika Jumamosi asubuhi, na ikarudi Jumapili jioni. Watu walijaa. Wengine walikuwa wanakwenda kwao, wengine walikuja kutembea tu, waone ziwa na kula samaki. Kwa mara ya kwanza tangu muda mrefu, familia yenye kipato kidogo ilimudu kuwaonyesha watoto wake ziwa.

Kwa nini hesabu haikubali

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuchukulie treni imejaza watu 500 wa daraja la kawaida. Hizo ni shilingi 300,000. Katika hizo italipwa dizeli ya usiku kucha ya kuivusha milima, madereva wa zamu, walinzi, wasafishaji, watu wa ishara, na mafundi wanaokagua njia kabla haijapita. Kisha treni hiyo yote hukaa Kisumu tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni bila kuingiza senti. Desemba na Pasaka viti havitoshi. Februari, mabehewa ni yale yale, dizeli ni ile ile, na viti vingi ni vitupu.

Hii ndiyo hali ya treni za matembezi duniani kote. Msimu ni mfupi na gharama ni ya mwaka mzima. Hata mbao na chuma haviachi kuchakaa kwa sababu wageni wamekwenda zao.

Hapo zamani mzigo ndio uliombeba abiria. Mbolea, mafuta, saruji na sukari vililipa gharama za njia, na abiria akapanda kwa nauli nafuu. Kati ya Muhoroni na Kisumu reli inapita katikati ya mashamba ya miwa. Lakini kiwanda cha Miwani kilinyamaza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na viwanda jirani vimekuwa vikiyumba. Mzigo mwingi ukahamia barabarani kwa malori. Reli iliyobaki na abiria wa mwisho wa juma peke yao ni kama duka linalouza pipi tu: watoto watafurahi, lakini kodi ya chumba haitalipika.

Kuna pia adui wa ndani. Boliti, vibanio na mataruma ya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Wizi wa vyuma vya umma ulizidi hata Januari 2022 serikali ikapiga marufuku kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu nchini. Tunalisema hili kwa uwazi kwa sababu wezi hawashuki kutoka mbinguni. Wanatoka majumbani, na kwa kawaida mama ndiye wa kwanza kuona kijana wake ameingia na fedha zisizojulikana zilikotoka.

Kalvati lililoziba

Aprili 2024 ilitufundisha kwa msiba. Katika mvua kubwa za mwaka ule, maji yalijaa nyuma ya tuta la reli kongwe huko Old Kijabe, juu ya Mai Mahiu. Serikali ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta ilizibwa na takataka na magogo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 tuta likabomoka, na maji yakashuka juu ya watu waliolala. Makumi walipoteza maisha, na familia nzima nzima zikaondoka. Twawaombea rehema waliofariki na subira waliobaki.

Njia ile ni hii hii inayokuja kwetu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba utunzaji wa reli si jambo la wahandisi peke yao wala la kupendezesha treni kwa wageni. Kalvati moja lisilosafishwa kabla ya masika laweza kuua zaidi ya ajali ya treni yenyewe. Na huku ziwani hatuko mbali na hatari. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, yakameza fukwe, vyoo na nyumba katika vijiji vingi vya mwambao. Miundombinu ya kando ya maji inahitaji jicho la kila siku, kama mtoto anayecheza karibu na kisima.

Deni la Kibos

Hatuwezi kuandika habari ya treni hii katika gazeti la familia za Kiislamu tukaipita Kibos kimya. Stesheni ya Kibos iko nje kidogo ya Kisumu. Hapo waliishi kwa vizazi Wanubi, watu ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari. Februari 2021, reli ilipokuwa ikitayarishwa kufufuliwa, nyumba zao zilibomolewa usiku, wakati wa marufuku ya kutoka nje kwa sababu ya korona. Maelfu walibaki bila paa, wakiwamo wazee, wajane na watoto wachanga. Shirika la Reli lilisema ardhi ni ya reli. Wakazi walisema waliwekwa pale na serikali ya kikoloni na hawajui kwao kwingine. Mashirika ya haki za binadamu yalilaani jinsi watu wale walivyoondolewa.

Sisi hatuna mamlaka ya kuhukumu hati za ardhi. Lakini tunajua kwamba kumtoa mama na watoto wake usiku, mvua na baridi vikiwaona, si njia ya kuanza safari njema. Na hata kwa hesabu ya reli yenyewe, jambo hili lina hasara. Reli ndefu hailindwi na askari, hailindwi na kamera. Hulindwa na watu wanaoishi kando yake, wanaoona boliti imelegea au kijito kimeziba wakatoa habari. Ukiwafanya watu hao kuwa maadui, umejinyima walinzi wa bure. Kwa hiyo fidia na makazi ya watu wa Kibos tunayaona kuwa sehemu ya gharama ya reli, sawa na kokoto na mataruma.

Waliotutangulia

Ndugu zetu wa Pwani wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, maana walipata kuwa na treni ya ufukweni. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani iliendesha reli ndogo ya Unguja, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Ilibeba watu wa mashamba na mizigo yao, na meli za wageni zilipotia nanga, ilibeba watalii waliotaka kuona minazi na mikarafuu. Mwaka 1911 serikali ikaichukua. Magari yalipoenea na barabara ikawa nzuri, abiria wakapungua, na mwaka 1922 ikaacha kubeba abiria. Iliendelea miaka michache kubeba mawe, kisha ikang'olewa. Mombasa nayo ilikuwa na vigari vya relini vilivyosukumwa na watu kati ya Kilindini na mjini, na vyenyewe vikatoweka magari yalipokuja. Kilichobaki ni picha.

Lakini si kila reli ya namna hii imekufa. Huko Wales, katika mji mdogo wa ufukweni uitwao Tywyn, kuna reli nyembamba ya Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kuchukua mawe ya kuezekea. Mwaka 1950 mwenyewe alifariki na machimbo yalikuwa yamekwisha. Watu wa kawaida wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha kwa kujitolea: huyu anakata tiketi, yule anafyeka nyasi, mwingine anatengeneza injini. Reli hiyo inatembea hadi leo na hulipiwa na wageni. Reli ile ni fupi na ya kwetu ni ndefu, hatuwezi kuifananisha moja kwa moja. Hata hivyo inatuonyesha kwamba treni ya ufukweni hudumu pale wenyeji wanapoihesabu kuwa yao.

Mizani ya wakfu

Katika jamii zetu kuna elimu ya kale juu ya mambo haya. Mtu akiweka kisima kuwa wakfu, mwenye busara haachi kisima peke yake. Huweka pamoja nacho shamba la minazi au chumba cha kupangisha, ili mapato yake yanunue kamba, ndoo na mshahara wa msafishaji. Visima vilivyowekwa bila shamba vilikauka zamani. Vilivyowekwa na shamba bado vinatoa maji, na mwenye kuviweka bado anapata thawabu.

Kwa mizani hiyo twaipima treni yetu. Imejengwa, imefufuliwa, imezinduliwa kwa ngoma na hotuba. Je, shamba lake liko wapi? Sisi tungependa kuona mambo manne. La kwanza, fungu la matengenezo litengwe kila mwaka na lisiguswe kwa kazi nyingine, hasa la kusafisha makalvati na kukagua madaraja kabla ya masika na vuli. La pili, mzigo urudishwe relini na melini, ili Desemba isibebe miezi kumi na miwili peke yake. La tatu, abiria anayeshuka Kisumu asiachwe stesheni: awekewe gari la kumfikisha Bondo na Usenge na mashua salama yenye maboya ya kumvusha Mageta, kwa nauli inayojulikana mapema. La nne, safari ya usiku kucha ifikiriwe kwa macho ya mama: maji ya kutawadhia, choo safi chenye taa, mahali pa stara pa kunyonyeshea, na behewa ambamo mwanamke anayesafiri na watoto hatasumbuliwa. Mama akiridhika, familia nzima hupanda. Akitishika, viti vitano huwa vitupu kwa mara moja.

Nasi tuna sehemu yetu. Tunaweza kupanga harusi na ziara nje ya msimu, ili viti vya Februari na Septemba visiwe vitupu. Tunaweza kukata tiketi badala ya kudandia. Tunaweza kuwakataza vijana wetu kugusa chuma cha reli, na kuwafundisha kwamba boliti moja inayouzwa kwa bei ya soda imeshikilia roho za watu. Vikundi vyetu vya akina mama vinaweza kuandaa chakula na malazi safi ya wageni, ili mtu akishafika ziwani awe na sababu ya kukaa siku mbili, na baadaye ya kurudi.

Waswahili husema kitunze kidumu. Vibarua 2,500 hawakufa ili njia yao iwe vyuma chakavu, wala watu wa Kibos hawakuvunjiwa nyumba ili treni itembee misimu michache kisha ilale. Ikiwa gharama kubwa kiasi hicho imekwisha kulipwa, iliyobaki ni ndogo: kokoto, mafuta, jicho la mlinzi na uaminifu wa mwenye hazina. Inshallah Desemba ijayo watoto watakapouliza, tuwe na jibu la hakika la kuwapa.